Maisha ya Bass Reeves, Askari na Baba wa Watoto



Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kusoma hesabu ya fedha za mwaka, michango ya mazishi, na misaada waliyopewa wajane na yatima. Sasa, kabla hatujakifunga kitabu hiki, twaomba mtupe nafasi tuwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye jina lake lajulikana sana katika nchi ya Marekani. Mtu huyo ni Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa, wala hakujua kusoma hata siku ya kufa kwake. Walakini aliitumikia sheria kwa zaidi ya miaka thelathini, akapata heshima ya watu weusi na weupe pia.

Tumemchagua yeye kwa sababu miongoni mwetu wamo wengi waliovaa sare ya polisi, au waliowatoa watoto wao waivae. Tena tumemchagua kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali zito ambalo mzee yeyote aweza kukutana nalo nyumbani kwake: sheria ikibisha mlangoni kumtaka mtoto wako, utafanya nini?

Kuzaliwa kwake na miaka ya utumwa

Bass Reeves alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1838 katika wilaya ya Crawford, jimbo la Arkansas. Wazazi wake walikuwa watumwa, kwa hiyo naye tangu siku ya kwanza alihesabiwa kuwa mali ya bwana wao, William Steele Reeves, mkulima aliyekuwa pia mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo hilo. Jina la Reeves, basi, lilikuwa jina la mtu aliyemmiliki. Bali jina la Bass lilikuwa la ukoo wake mwenyewe, maana alipewa kwa ajili ya babu yake. Sisi ambao huwapa watoto wetu majina ya babu zao twafahamu vema kwamba wazazi wale, ijapokuwa hawakuwa na shamba wala nyumba, walimwachia mtoto wao urithi ambao bwana hakuweza kuuandika katika daftari lake.

Mwaka 1846 bwana huyo alihama na watu wake wote kwenda wilaya ya Grayson, katika jimbo la Texas. Huko Bass alikua akichota maji kwa ajili ya watu wa shambani, na alipopata nguvu akaingia mwenyewe katika kazi ya shamba na ya kutunza farasi. Baadaye aliwekwa chini ya mtoto wa bwana, aitwaye George Reeves. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, huyo George alikuwa afisa katika jeshi la majimbo ya kusini, yaani upande uliopigana ili utumwa usiondolewe, na Bass akawa mtumishi wake.

Jamaa zake wamesimulia kwamba siku moja wawili hao waligombana katika mchezo wa karata, na Bass akampiga bwana wake. Mtumwa aliyeinua mkono juu ya bwana wake katika Texas ya siku zile alikuwa amejihukumu kufa. Kwa hiyo alikimbia usiku, akavuka Mto Red, akaingia katika nchi iliyoitwa Indian Territory.

Nchi hiyo twapenda kuieleza kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya Bass Reeves kuwa mtu aliyekuwa. Ilikuwa upande wa magharibi wa Arkansas, nayo ilitengwa na Serikali ya Marekani kwa ajili ya wenyeji wa asili wa bara hilo, ambao wageni waliwaita Wahindi Wekundu. Makabila ya Cherokee, Creek, Seminole, Choctaw na Chickasaw yalikuwa yameng'olewa katika ardhi ya baba zao upande wa kusini-mashariki, hasa katika miaka ya 1830, yakapelekwa huko kwa nguvu, na watu wengi wakafa njiani. Bass aliishi kati ya watu hao mpaka vita vikaisha. Alijifunza lugha zao, mila zao, vivuko vya mito yao na njia za misitu yao. Hakuwa na habari kwamba elimu hiyo, aliyoipata akiwa mtoro, ndiyo itakayompa kazi.

Uhuru, shamba na nyumba

Mwaka 1865 vita vilikwisha na utumwa ukapigwa marufuku katika Marekani yote. Bass Reeves, akiwa mtu huru wa miaka 27, alirudi Arkansas, akapata shamba karibu na mji wa Van Buren, akaanza kulima na kufuga farasi. Alikuwa amemwoa Nellie Jennie, mwanamke wa kutoka Texas, na Mungu aliwajalia watoto wengi, wanaume kwa wanawake, wasiopungua kumi.

Wazee wetu wataona maana ya jambo hili bila sisi kulieleza sana. Katika utumwa mtu hakuwa na haki juu ya mkewe wala watoto wake. Bwana aliweza kumwuza mama Jumatatu na mtoto Jumanne. Mtu aliyetoka katika hali hiyo, akasimamisha nyumba yake, akaketi mezani na watoto kumi ambao hakuna aliyeweza kumnyang'anya, alikuwa amepata kitu kikubwa kuliko fedha. Kwa miaka kumi Bass alikuwa mkulima tu na baba wa watoto, na yawezekana angekufa hivyo, asijulikane mbali na Van Buren.

Kuitwa katika kazi ya Serikali

Mwaka 1875 Serikali ilimtuma jaji mpya katika mji wa Fort Smith, mpakani mwa Arkansas na Indian Territory. Jina lake lilikuwa Isaac Parker. Mahakama yake ilikuwa na mamlaka juu ya nchi yote ile ya wenyeji, nayo ilikuwa kubwa: zaidi ya maili za mraba 70,000, karibu theluthi moja ya Kenya yetu. Makabila yalikuwa na mahakama na askari wao, lakini hawakuwa na ruhusa ya kumhukumu mtu asiye wa kabila lao. Kwa sababu hiyo wauaji, wezi wa farasi na wauza pombe kutoka kila jimbo walikimbilia huko kujificha, kama fisi wakimbiliavyo pango.

Jaji Parker alitaka waajiriwe askari 200, walioitwa manaibu wa marshali, waingie katika nchi hiyo na kuwatoa wahalifu. Mkuu wa askari hao, James Fagan, alisikia habari za mkulima mmoja mweusi wa Van Buren aliyeijua nchi ya wenyeji na kusema lugha zao. Hivyo Bass Reeves, mtu aliyekuwa mtoro wa sheria ya utumwa, aliapishwa kuwa askari wa sheria, akawa mmoja wa watu weusi wa kwanza kuishika kazi hiyo upande wa magharibi wa Mto Mississippi. Tena kulikuwa na sababu nyingine ya kumtaka: wenyeji wengi hawakuwaamini tena weupe, bali mtu mweusi aliyewahi kula chakula chao walikuwa tayari kumsikiliza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Askari alitoka Fort Smith na gari la kukokotwa na farasi, mpishi, mlinzi, na angalau msaidizi mmoja, akiwa na hati za kuwakamata watu kadha wa kadha. Alisafiri mamia ya maili, pengine kwa wiki nyingi, na kila aliyekamatwa alifungwa minyororo akasafiri pamoja nao mpaka gari limejaa. Askari hawa hawakulipwa mshahara wa mwezi. Walilipwa kwa maili waliyosafiri na kwa mtu waliyemleta. Na kama mshitakiwa akifa mikononi mwa askari, malipo yake yalipotea. Basi ilimfaa askari kumleta mtu akiwa hai, wala si maiti. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari sana: zaidi ya askari mia moja wa Serikali waliuawa katika nchi hiyo kabla ya mwaka 1907.

Namna alivyofanya kazi

Bass Reeves alikuwa mtu mrefu, futi 6 na inchi 2, mwenye kifua kipana na masharubu makubwa. Alikuwa hodari wa kupiga shabaha kwa mkono wa kulia na wa kushoto, hata, kama isemwavyo, katika maonyesho ya mashamba alikatazwa kuingia mashindano kwa kuwa wengine walikosa tamaa. Lakini sifa yake kubwa haikuwa bunduki.

Kwa kuwa hakujua kusoma, kabla ya kuondoka alimwomba mtu amsomee hati zote, moja moja. Alisikiliza, akashika moyoni jina la kila mtu na kosa lake, na umbo la maandishi ya kila karatasi. Akifika kwa mtu anayetakiwa, alitoa hati iliyo yake bila kukosea. Sifa iliyomfuata ni kwamba hakupata kumkamata mtu kwa hati isiyo yake. Hapa twapenda kuwaambia vijana wetu neno moja: msichukue habari hii kuwa sababu ya kudharau shule. Bass alifanya kwa taabu kubwa kile ambacho mtu aliyesoma angekifanya kwa dakika mbili, na aliweza kwa sababu aliiogopa dhuluma. Alijua kwamba karatasi ile ikisomwa vibaya, mtu asiye na kosa atatiwa minyororo. Naye alijua maana ya minyororo.

Tena alitumia akili. Husimuliwa kwamba ndugu wawili waliotafutwa walikuwa wamejificha nyumbani kwa mama yao, na zawadi ya dola 5,000 ilikuwa imetolewa kwa atakayewakamata. Bass aliwaacha wenzake mbali, akavua mavazi yake mazuri, akavaa matambara na viatu vilivyochakaa, akatoboa kofia yake kwa risasi, akaenda kwa miguu maili 28. Alifika kwa yule mama amechoka kweli, akamwambia kwamba askari wamemfukuza na kumpiga risasi. Mama yule alimhurumia, akampa chakula, akamkaribisha alale, hata akashauri kwamba ajiunge na wanawe. Usiku vijana walipolala, Bass aliwatia pingu pole pole wasiamke. Asubuhi aliwaongoza kwa miguu kurudi kambini, na mama yao akawafuata maili tatu akimlaani. Twadhani Bass aliyakumbuka machozi ya mama yule baadaye, zamu yake ilipofika.

Mwaka 1883 alipewa hati ya kumkamata Jim Webb, msimamizi wa shamba kubwa la ng'ombe katika nchi ya Chickasaw, aliyemwua mhubiri mmoja mweusi kwa ajili ya moto wa nyasi uliovuka mpaka. Bass alimkamata, lakini Webb alipotolewa kwa dhamana alitoroka. Mwaka uliofuata walikutana tena, Webb akakataa kujitoa, wakapigana kwa risasi, na Webb akaanguka. Husemwa kwamba akiwa katika kukata roho alimwita Bass karibu, akamsifu kwa ushujaa wake, akampa bastola yake iwe ukumbusho. Katika miaka yake yote Bass aliwaua watu wapatao 14 katika mapigano ya namna hiyo, na yeye mwenyewe hakupata kujeruhiwa, ingawa risasi zilimkata mkanda, zikampasua ukingo wa kofia, na kuvunja hatamu za farasi wake. Waliokamatwa naye wahesabiwa kuwa zaidi ya 3,000. Mtu ajuaye kuhesabu ataona kwamba kwa kila aliyekufa, mamia waliletwa mbele ya jaji wakiwa hai.

Yeye mwenyewe katika kizuizi

Wanachama, msidhani kwamba njia ya mtu huyu ilikuwa ya sifa tupu. Mwaka 1884, wakiwa kambini katika nchi ya Chickasaw, bunduki ya Bass ililia na risasi ikampata mpishi wake, William Leach, naye akafa. Bass alieleza kwamba alikuwa akijaribu kuitoa risasi iliyokwama katika bunduki. Wengine walisema kwamba walikuwa wamegombana. Baada ya karibu miaka miwili, mwanzoni mwa mwaka 1886, Bass Reeves alishitakiwa kwa kuua, akatiwa katika jela ile ile ya Fort Smith ambayo alikuwa ameijaza kwa mikono yake. Fikirini usiku wa askari aliyefungwa pamoja na watu aliowakamata.

Alikaa humo miezi kadhaa kabla ya kupata dhamana. Aliwaweka mawakili wazuri, na ili awalipe, nyumba na mali aliyoipata kwa jasho la miaka ishirini ikamponyoka. Kesi ilisikizwa mbele ya Jaji Parker mwezi wa Oktoba 1887. Huyu ndiye jaji aliyewahukumu watu 160 wafe, na 79 kati yao wakanyongwa kweli. Hakuwa mtu wa kuoneana haya na askari wake. Bass alisimama akajieleza mwenyewe, na wazee kumi na wawili wa juri wakamwona hana hatia.

Alitoka huru, lakini maskini. Wengi wangeiacha kazi hiyo kwa uchungu, wakasema kwamba Serikali imewalipa mabaya kwa mema. Bass alirudi kazini. Twaona kwamba hapa ndipo alipojifunza kwa mwili wake lile alilokuwa akiwafanyia wengine: kwamba sheria iliyo sawa lazima iweze kumgeukia hata mtumishi wake, na kwamba aliyekamatwa si lazima awe mkosaji. Wale waliomlaumu kwa ukali baadaye hawakukumbuka kwamba mtu huyu alikuwa amepita mwenyewe katika mlango aliokuwa akiwapitisha wenzake.

Nyumba yake yagawanyika

Mwaka 1893 alihamishwa kutumikia chini ya mahakama ya Paris, Texas, na mwaka 1897 akahamishwa tena, safari hii Muskogee, katikati ya nchi ya wenyeji. Kati ya miaka hiyo miwili alipata misiba. Mwaka 1896 mkewe Nellie alifariki, na mwaka huo huo Jaji Parker naye akafariki. Mwanamke aliyemlelea watoto katika miezi yote aliyokuwa porini, na jaji aliyemtumikia tangu siku ya kwanza, wote waliondoka kwa pamoja. Mwaka 1900 alioa mara ya pili, akamchukua Winnie Sumter, wakaanza maisha mapya Muskogee.

Tusifiche kwamba kazi ya askari hudai sehemu ya nyumba yake. Wale miongoni mwetu waliofanya kazi mbali na jamaa zao, katika vituo vya kaskazini au katika miji mikubwa, wajua kwamba mtoto hukua usiku mmoja wakati baba hayupo. Bass aliwapenda watoto wake, akawalisha na kuwavika, lakini miaka mingi ya utoto wao aliipitisha juu ya farasi.

Mwaka 1902 mwanawe Bennie, aliyekuwa akiishi Muskogee, alimwua mkewe kwa wivu, kisha akakimbilia porini. Hati ya kumkamata ikatolewa. Husimuliwa kwamba karatasi hiyo ilikaa juu ya meza ya mkuu wa askari siku mbili, na hakuna aliyetaka kuichukua. Askari wote walimstahi mzee wao. Walijua pia kwamba kijana huyo, akiwa na silaha na asiye na tumaini, huenda akauawa na atakayemfuata. Mkuu wao alitaka kuitoa kwa mtu mwingine, mbali na macho ya Bass.

Bass Reeves aliingia, akasema kwamba kijana ni wake na hati ni yake. Akaichukua, akatoka.

Baada ya siku zipatazo kumi na nne alirudi Muskogee, na mwanawe pamoja naye, hai, akamkabidhi. Bennie alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa katika gereza la Fort Leavenworth, Kansas.

Wapo watakaosema kwamba huo ni moyo wa jiwe, kwamba damu ni nzito kuliko maji na baba hapaswi kumfunga mwanawe. Sisi tumelitafakari sana jambo hili. Twaomba wazee wetu watazame mambo matatu. Kwanza, yule mwanamke aliyeuawa alikuwa naye mtoto wa watu. Alikuwa mkwe wa Bass, amekuja chini ya dari ya ukoo wake. Kama baba mkwe angefumba macho, nani angemdai damu yake? Pili, kwa miaka 27 Bass alikuwa amewatoa wana wa wengine mikononi mwa mama zao, akiwaambia kwamba sheria ndiyo itakayo. Kama angemwacha wake, ingekuwa ni kuungama kwamba wale 3,000 aliwakamata kwa sababu tu hawakuwa jamaa zake. Tatu, nalo ndilo tulionalo kubwa, katika watu wote waliokuwa na haki ya kuibeba hati ile, baba peke yake ndiye aliyekuwa na hakika ya kumrudisha kijana akiwa hai. Mgeni angekwenda na bunduki. Baba alikwenda na bunduki, na pamoja nayo jina alilomwitia mtoto tangu utotoni.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Bass hakumchelea, lakini wala hakumtupa. Bennie alikaa gerezani kwa mwenendo mwema, na baada ya zaidi ya miaka kumi akaachiliwa, akaishi bila kosa tena. Kama asingerudishwa hai mwaka ule wa 1902, siku hiyo ya kuachiliwa isingalikuwapo. Ila baba yake hakuiona, kwa maana alikuwa amekwisha kuzikwa.

Siku za mwisho

Mwezi wa Novemba 1907 nchi ile ya wenyeji iliunganishwa na jirani yake, ikawa jimbo jipya la Oklahoma, na kazi ya manaibu wa marshali ikachukuliwa na majimbo na miji. Sheria ya kwanza iliyopitishwa na baraza la jimbo hilo ilikuwa ya kuwatenga watu weusi katika magari ya moshi na vyumba vya kungojea. Bass Reeves, aliyekuwa amewalinda watu wa kila rangi katika nchi hiyo kabla haijaitwa jimbo, aliamka asubuhi akaambiwa kwamba hana ruhusa ya kuketi pamoja nao.

Alikuwa na miaka 69. Wengine wangekaa kibarazani. Yeye alijiunga na polisi wa mji wa Muskogee, akapewa zamu ya kuzunguka mitaani kwa miguu, akitembea na fimbo kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka. Walioishi huko walisema kwamba katika miaka miwili aliyozunguka, hapakutokea uhalifu katika sehemu yake. Mwaka 1909 ugonjwa wa figo ulimlazimisha kustaafu. Alikaa nyumbani na mkewe, akitembelewa na askari wenzake wa zamani, mpaka tarehe 12 Januari 1910 alipofariki, akiwa na umri wa miaka 71. Magazeti ya weupe wa mji ule, ambayo katika siku hizo hayakuwa na desturi ya kumsifu mtu mweusi, yaliandika habari za kifo chake kwa heshima, yakautaja uaminifu wake na utii wake kwa kazi.

Baadaye jina lake lilisahauliwa kwa muda mrefu. Hadithi za magharibi ya Marekani zilipoandikwa, na sinema zilipotengenezwa, mashujaa wote walitiwa sura nyeupe. Hata hivyo jamaa zake na wazee wa Oklahoma waliendelea kumsimulia, na mwishoni mwa karne ya ishirini wanahistoria wakaanza kuzifungua hati za mahakama na kuona kwamba wazee walisema kweli. Tarehe 26 Mei 2012 sanamu yake, akiwa juu ya farasi, ilizinduliwa katika mji wa Fort Smith, ikitazama upande wa magharibi, kule alikokuwa akienda kufanya kazi.

Wanachama wapendwa, twafunga habari hii kwa maneno machache. Chama chetu hakina askari wala jela. Kazi yetu ni kuzika, kulisha yatima na kusomesha. Lakini katika mikutano yetu huja nyakati ambazo aliyekosa ni ndugu ya mwenyekiti, au aliyechelewesha michango ni mwana wa mweka hazina, na watu wote huinamisha vichwa wakingoja kuona kama sheria ya chama itafika huko nayo. Siku hiyo na tumkumbuke mzee wa Muskogee. Na tukumbuke pia kwamba alipomfikisha mwanawe mbele ya sheria hakumkana kuwa mwanawe. Basi jamaa wa mfungwa wasifutwe katika daftari letu, watoto wake wasinyimwe ada ya shule, na siku atakapotoka, apate mahali pa kuketi kati yetu.

Mungu awape wazee wetu afya, na awape askari wetu, walio kazini na waliostaafu, moyo wa haki na nyumba zenye amani.